Kisima Katika Njia ya Bahari: Mabomu ya Kutegwa Majini na Suala la Dhamana

Miongoni mwa masuala ambayo wanavyuoni wa fiqhi wameyapa nafasi kubwa katika mlango wa diya ni suala la mtu aliyechimba kisima katika njia ipitwayo na watu. Mchimbaji huyu hakumsukuma mtu. Huenda amelala nyumbani kwake, au yumo safarini mbali, wakati mpita njia anapotumbukia usiku wa giza. Pamoja na hayo, wanavyuoni wamesema kwamba ikiwa alichimba kwa dhulma, bila ya haki wala idhini, na kisima kile kinadhuru wapitao, basi dhamana ni yake. Wamekwenda mbali zaidi wakamtaja hata mtu anayetupa maganda ya matikiti njiani, mpita njia akateleza. Tofauti zao zimebaki katika matawi ya suala. Mashafii wanamwajibisha mchimbaji kutoa kafara, na Mahanafi hawamwajibishi, kwa hoja kwamba yeye ni msababishaji tu na si muuaji kwa mkono wake. Ama ile hukumu ya msingi, kwamba aliyeficha madhara katika njia ya watu hawezi kujitoa kwa kusema hakuwapo, hiyo wameishika wote.

Tumelikumbuka suala hili tulipokuwa tukifuatilia historia ya mabomu ya kutegwa baharini, na tumeona lina faida kwa wanafunzi wetu. Vitabu vya fiqhi vinazungumzia kisima, ukuta ulioinama na jiwe lililowekwa barabarani, kwa kuwa hayo ndiyo waliyoyaona waandishi wake. Bomu la baharini ni kisima kilichochimbwa katika njia ambayo haina mwenyewe, na wapitao humo ni watu wa kila taifa. Na tukio ambalo Waislamu walipaswa kulikumbuka zaidi lilitokea katika bahari ya mahujaji.

Mwanzoni mwa Julai 1984, sawa na mwezi wa Shawwal 1404, meli ya mizigo ya Muungano wa Kisovieti iitwayo Knud Jespersen ilipatwa na mlipuko katika Ghuba ya Suez. Mlipuko ule ulitoka chini ya maji. Haukupita muda mrefu meli nyingine ikapatwa, kisha nyingine, baadhi yao huko kusini kabisa karibu na mlango wa Bab el-Mandeb. Mpaka Septemba meli zipatazo 19 za bendera mbalimbali zilikuwa zimeripoti madhara. Hakuna hata moja iliyozama. Lakini Hijja ya mwaka ule ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, na watu wa Misri na Sudan walikuwa bado wanavuka kwa meli kwenda Jeddah, kama walivyokuwa wakifanya wazee wetu waliotoka Mombasa na Unguja kabla ya zama za ndege. Hapa ndipo suala la usalama wa njia, ambalo mwanafunzi hulisoma katika masharti ya uwezo wa kuhiji, lilipotoka kitabuni likaingia bandarini. Mashafii wameeleza kwamba safari ya bahari humlazimu mwenye kuhiji pale usalama unapokuwa ndio wenye nguvu zaidi katika dhana yake. Sasa ni nani awezaye kupima dhana juu ya kitu kilichozama sakafuni, asichokiona nahodha wala baharia wake?

Kundi lililojiita Jihadi ya Kiislamu lilijitokeza na kudai kwamba limetega mabomu 190. Redio ya Tehran ilianza kwa kulisifu tendo lile, na siku chache baadaye Ayatullah Khomeini akalilaani hadharani. Uchunguzi wa Misri na wa nchi za Magharibi ulielekea upande mwingine, kwa meli ya Libya iitwayo Ghat, iliyopita Mfereji wa Suez Julai 6 kuelekea bandari ya Assab na ikarejea baada ya siku 15, ilhali safari ya namna ile huchukua kama siku 8. Libya ilikana. Tutarejea kwenye jambo hili, lakini kwanza inafaa msomaji aelewe ni kitu gani hasa kinachotokea bomu linapolipuka majini, kwa sababu mtu asiyelijua hilo hawezi kuipima dhulma yenyewe.

Wengi wetu tumeuona ushahidi wake bila ya kuutambua. Katika pwani ya Tanzania uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku zamani na bado umekuwa ukirudi mara kwa mara. Mpasue samaki aliyeuawa kwa baruti. Ngozi yake mara nyingi utaikuta nzima, magamba yapo mahali pake, lakini ndani kibofu chake cha hewa kimepasuka, damu imejaa, na pengine uti wa mgongo umevunjika. Muuza samaki mzoefu humjua kwa kumbonyeza tu. Sababu yake ni kwamba maji hayabonyei kama hewa. Maji ni mazito kuliko hewa kwa kiasi cha mara 800, na sauti husafiri ndani yake kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, wakati hewani ni mita 340 tu. Mshindo unaotolewa majini haupotei upesi. Kilo 500 za baruti aina ya TNT zikilipuka nchi kavu, aliye mbali mita 100 atavunjikiwa vioo vya madirisha. Zikilipuka chini ya maji, umbali ule ule bado utafikiwa na msukumo unaokaribia mara 30 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta.

Mwili wa kiumbe sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo wimbi la mshindo hupita katika nyama bila ya kuona mpaka. Likifika mahali penye hewa ndipo linapopasua: kwa samaki ni kibofu, kwa mwanadamu ni mapafu, matumbo na masikio. Madaktari wa Vita vya Pili vya Dunia walipokea mabaharia walioogelea baada ya meli yao kuzama, na mabomu ya kina yaliyokuwa ndani ya meli hiyo hiyo yakalipuka yalipofika chini. Waliletwa hospitali hawana jeraha la nje, na baada ya saa chache wakafa kwa kuvuja damu ndani. Kutokana na hayo mabaharia walifundishwa kwamba aliye majini aelee chali, kifua na tumbo viwe juu kabisa karibu na uso wa maji, kwa kuwa hapo juu nguvu ya mshindo hupungua.

Wimbi la mshindo ni takriban nusu tu ya habari. Nusu nyingine imo katika gesi ya moto inayobaki baada ya mlipuko. Gesi hii hufanya kiputo kikubwa kinachosukuma maji pande zote. Kwa zile kilo 500 katika kina cha mita 40, kiputo hutanuka hadi kufikia upana wa karibu mita 14. Kisha maji hukibana, kikaporomoka, kikatanuka tena, na mzunguko wa kwanza wote hauchukui hata sekunde moja. Huku kikipumua hivyo, kiputo hupanda juu. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alikwisha andika mwaka 1917 juu ya nguvu inayozaliwa tundu la duara linapoporomoka ndani ya maji. Yeye alikuwa akitafuta ni kitu gani kinachoila panga la meli. Waliokuja baada yake waliona kwamba jambo lile lile linavunja meli nzima. Utafiti mwingi wa Marekani na Uingereza wa wakati wa vita ulikusanywa na Robert Cole katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu milipuko ya majini, ambacho wahandisi wanakirejea mpaka leo.

Kiputo kinapopumua chini ya mkuku, meli huinuliwa katikati, kisha huachwa, kisha huinuliwa tena, kama mtu anayekunja fimbo mara mbili tatu ili aivunje. Manowari ya Uingereza HMS Belfast ilipatwa na jambo hilo Novemba 21, 1939 katika ghuba ya Firth of Forth huko Scotland. Tundu lililoonekana kwa nje lilikuwa dogo, na watu wengi walinusurika. Lakini mkuku ulikuwa umepinda, mitambo imevunjika kwenye misingi yake, na meli ile haikurudi kazini mpaka Novemba 1942. Ilichukua miaka mitatu kutengeneza kilichovunjwa katika nukta chache. Meli hiyo leo imetia nanga katika mto Thames mjini London na watu huitembelea.

Bomu lililoipata Belfast halikuhitaji kuguswa. Mabomu ya kale yalielea yakiwa yamefungwa kwa mnyororo, yana pembe, na meli ilipaswa kuyagonga. Hili jipya lililala sakafuni likingojea sumaku ya chuma cha meli. Siku mbili tu baada ya ajali ya Belfast, tarehe 23 Novemba, Waingereza walilipata moja likiwa zima, limeangushwa na ndege ya Kijerumani kwenye tope la Shoeburyness na maji yakapwa. Luteni Kamanda John Ouvry alikwenda kulifungua pamoja na msaidizi wake, huku wenzao wawili wakisimama mbali na kuangalia kila hatua, ili likilipuka, hao waliobaki wajue pale lilipolipukia wasipaguse katika bomu lijalo. Tumeisoma habari hii mara nyingi na kila mara tunasimama hapo. Bomu halikulipuka, siri ya sumaku ikajulikana, na meli zikaanza kuzungushiwa nyaya za umeme ili kuificha sumaku yake.

Tangu hapo kutega na kutegua vimekuwa vikikimbizana. Mtegaji akaongeza sikio la kusikiliza sauti ya mitambo, kisha kipimo cha kuhisi maji yanavyobanwa meli inapopita, kisha kihesabio kinachoziacha meli kadhaa zipite salama na kulipuka kwa ile iliyowekewa. Hiki cha mwisho ndicho kiovu zaidi kwa maoni yetu, maana kinaigeuza salama ya aliyetangulia kuwa mtego kwa anayefuata. Mteguaji kwa upande wake alianza kwa kuburura nyaya zenye makasi ya kukata minyororo, akahamia kwenye meli za mbao na baadaye za plastiki ngumu zisizo na sumaku, kisha helikopta zinazoburuta majini chombo kinachojifanya meli. Wapo pia wanaotafuta bomu moja moja kwa mwangwi wa sauti, wakapeleka mzamiaji au mashine ndogo ya kuongozwa kwa waya.

Kazi hii ni ya polepole kuliko watu wanavyodhani. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita vya Juni 1967, na kwa miaka 8 meli za Ulaya zilizokuwa zikija Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Usafishaji wake ulianza mwaka 1974 kwa ushirikiano wa Misri, Marekani, Uingereza na Ufaransa, huku Wasovieti wakisafisha mlango wa Gubal kusini mwa Ghuba ya Suez. Mfereji ulifunguliwa Juni 5, 1975.

Miaka 9 baadaye waliitwa tena maji yale yale. Mwaka 1984 zilikuja helikopta za Marekani, meli za Uingereza, Ufaransa, Italia na Uholanzi, na za Wasovieti nazo. Saudia iliomba msaada wa kukagua njia za kuingilia bandari zake. Sakafu ya Ghuba ya Suez ilikuwa imejaa mapipa, minyororo na vyuma vya vita vilivyopita, na kila kimoja kilipaswa kuangaliwa kana kwamba ndicho. Katikati ya Septemba meli ya mbao ya Uingereza, HMS Gavinton, ikapata kilichotafutwa: bomu la sakafuni lililotengenezwa katika Muungano wa Kisovieti, likiwa na alama zake za kiwanda. Tukumbuke kwamba meli ya kwanza kuumia ilikuwa ya Wasovieti wenyewe. Silaha ikishauzwa haimjui aliyeiunda.

Na yule anayeondoa madhara naye yampasa aangalie asilete mengine. Agosti 2019 mabomu 42 ya Waingereza yaliyobaki tangu vita vya Hitler yalilipuliwa katika mlango wa Fehmarn, Bahari ya Baltiki. Baadaye pomboo wadogo 24 waliookotwa wamekufa walichunguzwa, na 10 kati yao walikutwa na majeraha ya mshindo, hasa masikioni. Ipo njia ya kupunguza hilo, nayo ni kulizungushia bomu bomba lenye matundu linalotoa mapovu, kwani pazia la hewa hulivunja wimbi la mshindo.

Sasa turejee kwenye dhamana. Mataifa yalilitazama suala hili kwa mara ya kwanza kwa uzito baada ya vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905. Mabomu yaliyokatika minyororo yalizurura baharini muda mrefu baada ya wapiganaji kwenda zao. Katika mkutano wa The Hague wa mwaka 1907 mjumbe wa China, nchi ambayo haikuwamo vitani, alieleza kwamba raia wake 500 hadi 600, wavuvi na mabaharia wa pwani, walikuwa wameuawa na mabomu hayo. Mkataba uliotiwa saini Oktoba 18 mwaka huo ulikataza mabomu yasiyofungwa nanga isipokuwa yale yanayokufa ndani ya saa moja baada ya mtegaji kupoteza udhibiti wake. Ulitaka bomu lililofungwa life mara linapokatika, na ukamlazimisha kila mpiganaji kuondoa ya kwake vita vinapokwisha. Pia ulikataza kutega mbele ya bandari za adui kwa lengo pekee la kuzuia meli za biashara. Neno hilo "pekee" mwanafunzi wa usuli ataliona mara moja: ni nani atakayekiri kwamba hakuwa na lengo jingine?

Kesi iliyoingia ndani zaidi ni ile ya mlango wa Corfu. Oktoba 22, 1946 manowari mbili za Uingereza, Saumarez na Volage, zilipatwa na mabomu katika maji ya Albania, na watu 44 wakafa. Njia ile ilikuwa imekwisha safishwa na kuhesabiwa salama. Mwezi uliofuata Waingereza waliingia bila ya idhini ya Albania wakakata mabomu 22, yote ya Kijerumani. Kesi hii ilikuwa ya kwanza kuhukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Katika hukumu ya Aprili 9, 1949 mahakama haikuweza kuthibitisha ni nani aliyetega. Pamoja na hivyo Albania ilibebeshwa dhamana, kwa hoja kwamba ilikuwa ikilinda pwani yake kwa macho makali kiasi kwamba haiwezekani mabomu yategwe pale bila ya yenyewe kujua, na ikijua, ilipaswa kuwaonya wapitao. Mahakama ikasema vilevile kwamba Uingereza ilivunja mamlaka ya Albania ilipoingia kusafisha bila ya ruhusa.

Msomaji wa fiqhi hataliona jambo hili kuwa geni. Hapa kisima kimetuacha, maana mchimbaji hajulikani, na tumefika kwenye suala la ukuta ulioinama. Mtu amejenga ukuta wima, kisha ukainama wenyewe kuelekea njiani. Mahanafi wanasema hana dhamana mpaka aonywe na kutakiwa auvunje. Akionywa, akawa na uwezo na muda, kisha akauacha ukaanguka juu ya mtu, atadhamini. Kwa Mashafii, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba hadhamini hata akionywa, kwa sababu kuinama hakukuwa tendo lake. Majaji wa mwaka 1949 bila ya shaka hawakuwa na vitabu hivyo mbele yao, lakini hukumu yao imekaa upande wa Mahanafi. Sisi tunaiona nguvu ya hoja ya Mashafii katika ukuta wa mtu mmoja kijijini. Katika njia ya bahari, ambapo anayejua ni dola yenye minara ya ulinzi na wasiojua ni maelfu, tunaona rai ya kudhaminisha ndiyo inayolinda nafsi za watu.

Malipo yenyewe yalichelewa mno. Mahakama ilikadiria pauni 843,947 mwezi Desemba 1949. Albania ilikataa, na suala halikumalizika ila mwaka 1996, baada ya makubaliano ya kulipa dola milioni 2 za Marekani.

Ama Bahari ya Sham, haikupata hata hilo. Aliyedai kutega mabomu 190 hakuonyesha bomu hata moja, na aliyetuhumiwa alikana. Haikuwa vita baina ya dola mbili zinazojulikana, bali ni kisima kilichochimbwa usiku katika njia ya wafanyabiashara na mahujaji, mchimbaji asijitaje. Waliosafisha walijilipia gharama zao wakaondoka, na wenye meli wakarudi kwa makampuni ya bima. Hakuna dola iliyofikishwa mbele ya mahakama ile kujibu kwa ajili ya meli 19 za mwaka 1404.